Samaki wana vidonda? Usikimbilie kapsuli



Joto likianza, habari za mabwawani huwa ni zile zile. Samaki wana vidonda vyekundu, tumbo limevimba, macho yametoka nje. Kila asubuhi wanaelea wawili, watatu. Basi mtu anakimbia dukani, ananunua kapsuli za tetrasaiklini, anazifungua na kumwaga majini. Pesa ya sabuni imekwisha, na samaki bado wanakufa.

Tupige hesabu kidogo. Bwawa la mita 10 kwa 10, lenye kina cha mita 1, lina maji lita 100,000. Kapsuli ya miligramu 250 ni robo ya gramu. Ukimwaga 20, umetia gramu 5 tu katika maji yote yale. Ukichanganya na chakula je? Samaki mgonjwa hali. Tena dawa kidogo kidogo inazoeza bakteria, na siku mtoto wako akiugua, dawa ile ile inaweza kushindwa. Hilo mimi naliogopa kuliko hasara ya samaki.

Bakteria wa vidonda na tumbo kuvimba wanaitwa Aeromonas. Wanaishi kwenye maji ya bwawa siku zote, hata pale samaki ni wazima. Samaki mwenye nguvu anawashinda. Anayeshindwa ni yule aliyebanwa na wingi, aliyechubuliwa na wavu, au anayekaa kwenye maji yaliyooza kwa samadi na pumba. Wako wengine wanaokula mapezi na mashavu ya kupumulia na kuacha mabaka meupe au ya manjano. Na tilapia mkubwa akizunguka kama mlevi siku za joto kali, jicho limeingia ukungu, mara nyingi ni bakteria aina ya Streptococcus.

Lakini angalia vizuri kabla ya kusema ni ugonjwa. Samaki wakija juu wote alfajiri kuhema, na jua likipanda wanatulia, hewa ndiyo imepungua majini. Na si kila kidonda ni cha bakteria. Hapa Zambia, samaki wa mto Zambezi walipatikana na vidonda vibaya mwaka 2007, na mwaka 2014 vikaonekana Bangweulu. Chanzo kilikuwa kiumbe kinachofanana na ukungu, na kapsuli haikiwezi kabisa. Kwa hiyo mwite afisa wa uvuvi aje aone mwenyewe.

Wakati unamngoja, simamisha samadi na punguza chakula. Ingiza maji mapya, toa ya zamani, lakini yasiende kwenye bwawa la jirani. Zamisha mkono: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, mbolea imezidi. Hesabu na samaki pia. Wawili kwa kila mita moja ya mraba wanatosha, yaani 200 kwa bwawa tulilotaja. Najua tunapenda kujaza ili tuvune wengi, ila bwawa lililojaa linatupa samaki wadogo na wagonjwa.

Waliokufa wachimbie shimo mbali na maji. Usiwakaushe kuwauza sokoni, jamani. Anayenunua ni mama mwenye watoto kama wewe. Hata samaki mzima apikwe aive mpaka mfupani. Mwaka 2015 kule Singapore watu zaidi ya 100 waliugua Streptococcus, na ilionekana wengi walikula samaki wabichi wa maji yasiyo ya chumvi. Wenye kidonda mguuni wasiingie bwawani, maana Aeromonas huingia hata kwenye kidonda cha mtu.

Ukishavuna, kausha bwawa mpaka udongo upasuke, ondoa tope jeusi, kisha nyunyiza chokaa ya kilimo kilo 10 hadi 20 kwa bwawa lile la mita 10 kwa 10. Chokaa iliyochomwa inaunguza ngozi, watoto wakae mbali.

Limebaki jambo la wavu. Kikundi kina wavu mmoja, nao unazunguka kutoka bwawa hadi bwawa ukiwa bado umelowa. Uoshwe, uanikwe juani mpaka ukauke kabisa, ndipo uende kwa mwingine. Anayeuchukua auguse kwanza. Ukiwa na unyevu, aurudishe kwenye kamba.