Chekecheke Haitoshi: Sumaku Inavyonasa Seli za Saratani Kwenye Damu

Wageni wengi wanaofika Kariandusi, karibu na Gilgil, huenda kuona mashoka ya mawe ambayo msafara wa mwanaakiolojia Louis Leakey uliyagundua mwishoni mwa miaka ya 1920. Jirani na hapo kuna machimbo ya daiatomaiti, udongo mweupe na mwepesi sana. Udongo huo ni maganda ya daiatomu, mwani wa seli moja ulioishi katika ziwa la kale la eneo hilo. Kila ganda ni la silika na limejaa vitundu, ndiyo maana daiatomaiti hutumiwa kuchujia bia: kinywaji hupita, machicha hunaswa.

Kichujio cha aina hii huamua kwa ukubwa. Je, saratani nayo yaweza kuchujwa hivyo kutoka kwenye damu?

Uvimbe wa saratani humwaga baadhi ya seli zake kwenye damu, na chache kati ya hizo huenda kuota upya kwenye ini, mapafu au mifupa. Mwaka 1869, daktari Thomas Ashworth wa Australia aliona katika damu ya mgonjwa wa saratani aliyefariki seli zilizofanana na za uvimbe wa mgonjwa huyo. Kuzipata kwa mgonjwa aliye hai ndiko kazi. Mililita 7.5 za damu, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai, huwa na chembe nyekundu zipatazo bilioni 30 au zaidi, na chembe nyeupe makumi ya mamilioni. Seli za saratani humo zinaweza kuwa tano tu, au isiwepo hata moja.

Vichujio vya ukubwa vimeundwa na vinasaidia, kwa kuwa seli nyingi za saratani ni kubwa kuliko za damu. Nyingi, lakini si zote: kuna zinazolingana na chembe nyeupe. Kila anayechambua maharagwe analijua tatizo hili. Chekecheke huondoa vumbi, lakini kijiwe chenye ukubwa wa haragwe hakitoki mpaka jicho likitambue na kidole kikiokote.

Vipunje vya sumaku hufanya kazi ya jicho na kidole kwa pamoja. Kiini chake ni oksidi ya chuma iliyosagika hadi kiwango cha nanomita, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwa udogo huo, oksidi hiyo haina usumaku wa kudumu. Sumaku ikisogezwa, vipunje huvutwa; ikiondolewa, huachana. Vingekuwa na usumaku wa kudumu, vingeng'ang'aniana vyenyewe kabla ya kuifikia seli yoyote.

Kiini hicho hufunikwa kwa protini, polima au silika, dutu ileile ya maganda ya Kariandusi, ila hii hutengenezwa maabara. Juu ya ganda hupachikwa kingamwili inayoshika protini iitwayo EpCAM. Protini hiyo hupatikana kwenye seli nyingi za saratani ya matiti, tezi dume na utumbo mpana, lakini chembe za damu hazina. Damu ikichanganywa na vipunje na kuwekwa kando ya sumaku, seli zilizoshikwa hubaki ukutani mwa chombo na nyingine huoshwa. Kisha zile zilizobaki hupakwa rangi maalumu na kuhesabiwa kwa hadubini.

Kipimo cha CellSearch, kinachotumia njia hii, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2004. Utafiti wa wanawake 177 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, uliochapishwa mwaka huohuo, ulionyesha kwamba waliokuwa na seli tano au zaidi katika mililita 7.5 waliishi miezi 10.1 kwa wastani wa kati. Wenye pungufu ya hapo waliishi zaidi ya miezi 18.

Hata hivyo, kingamwili huona alama moja tu. Baadhi ya seli hupoteza EpCAM zinapojigeuza ili zisambae, hivyo sumaku huzipita. Isitoshe, kujua idadi si kutibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kubadilisha dawa mapema, kwa wanawake ambao idadi yao haikushuka baada ya duru ya kwanza ya matibabu, hakukuwaongezea maisha.

Basi mkazi wa Gilgil asikichukulie kipimo hiki kuwa cha kumwambia mtu mwenye afya kama ana saratani. Saratani changa mara nyingi haionyeshi seli hata moja, na sifuri si cheti cha usalama. Ukiona uvimbe, jibu bado ni kukatwa kinyama kikapimwe. Faida kubwa zaidi ya seli iliyonaswa imo ndani yake: jeni zinazoweza kumwelekeza daktari kwenye dawa ifaayo, bila mgonjwa kukatwa tena na tena. Zipo chupa zenye dawa ya kuhifadhi damu ya kipimo hicho hadi saa 96 bila barafu, muda unaotosha kabisa kuitoa Gilgil na kuifikisha maabara ya mbali.