Ndimu, Magadi na Jivu Katika Usafi wa Nyumba

Zamani jiko la Kigusii lilikuwa na vyungu, vibuyu na mafiga matatu, na usafi wake haukuhitaji dawa ya dukani. Siku hizi mkulima wa majani chai, au karani mwenye mshahara wa mwezi, akijenga nyumba yake karibu na soko la Ikonge katika kaunti ya Nyamira, hutaka sinki, mifereji inayong'aa na pengine choo cha kuvuta maji. Vitu hivyo ni vizuri. Lakini vimefuatana na dawa zake za kusafishia, na baadhi ya dawa hizo hazifai kuwekwa mahali wanapochezea watoto.

Iliyo mbaya kuliko zote ni kostiki, ile dawa kali itumiwayo kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Mtu hununua kidogo, akaikoroga na maji, akaitia katika chupa tupu ya soda na kuisahau chini ya sinki. Mtoto mwenye kiu huitambua chupa, wala hajui kilichomo. Kostiki huunguza kinywa na umio mara moja, na baadaye kovu laweza kuiziba njia ya chakula. Mtoto aliyeinywa asitapishwe kamwe, kwa maana dawa ikipanda humwunguza mara ya pili. Na asuuzwe kinywa kwa maji, apelekwe hospitali upesi, na chupa ichukuliwe ili daktari aione.

Hatari nyingine ni kuchanganya dawa. Yako mabibi wanaodhani kwamba dawa mbili zikiwa pamoja zitafanya kazi maradufu, nao humimina jiki pamoja na siki, ndimu, au dawa nyingine ya choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, ambayo ndiyo iliyotumiwa kuwaua askari karibu na Ypres, nchi ya Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Chumba cha choo chenye dirisha dogo si mahali pa kuijaribu. Hata jiki ikimwagwa peke yake mahali palipojaa mkojo hutoa hewa inayochoma macho na kifua.

Kazi nyingi za nyumbani hazihitaji ukali huo. Uchafu wa sinki na vyombo, ukitazamwa vema, karibu wote ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni mafuta, masizi na madoa ya chai, nao huondolewa kwa magadi au jivu. Magadi yanajulikana na kila mpishi wa mboga. Hupatikana kwa wingi katika Ziwa Magadi, Kajiado, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Kijiko kimoja katika birika la maji ya moto, kikimiminwa polepole, hulainisha mafuta yaliyoganda katika bomba la sinki. Vikombe vyenye weusi wa chai husuguliwa kwa magadi yaliyoloweshwa kidogo. Jivu lina nguvu ya namna hiyo hiyo, hasa la maganda makavu ya ndizi, na katika nchi ya migomba kama hii halinunuliwi. Lakini lichungwe kwanza, maana chembe za mkaa hukwaruza.

Namna ya pili ni kutu, ukoko wa chokaa na weusi wa shaba. Hapo magadi hayafai kitu; dawa yake ni ndimu au siki. Huko Mombasa maji ya visima vya mawe ya matumbawe huacha ukoko mweupe ndani ya birika, na siki iliyopashwa moto huuyeyusha. Ikonge watu wengi hukinga maji ya mvua, ambayo hayana chokaa. Doa linaloonekana zaidi ni lile jekundu la kutu chini ya mfereji. Nusu ya ndimu yenye chumvi, ikisuguliwa na kuachwa kwa muda mfupi, huliondoa. Mfereji wa shaba nyeupe au nyekundu hung'aa kwa dawa hiyo hiyo, mradi usuuzwe na kukaushwa papo hapo.

Wengine hutia ndimu na magadi pamoja, wakafurahia povu linalofoka. Povu hilo ni ishara kwamba vitu viwili vinauana nguvu, na kinachobaki karibu ni maji matupu yenye chumvi.

Na kila kitu kina adui wake. Sufuria ya alumini ikilowekwa katika magadi hugeuka nyeusi. Ichemshwe maji yenye vipande vya ndimu, nayo itarudia weupe. Ndimu nayo hula saruji, na pia bati lililopakwa zinki, kwa hiyo ndoo na sakafu zisiguswe nayo. Mifereji iliyopakwa kromiamu yataka sabuni na kitambaa laini tu. Jivu na nyuzi za chuma zitaikwaruza. Hata yale mawe laini yachongwayo Tabaka hukatika kwa kisu, basi mchanga usiyakaribie.

Lakini ndimu na magadi visidhaniwe kuwa dawa ya kuua viini vya maradhi. Nyumba ikiwa na mgonjwa wa kuhara au kipindupindu, choo na beseni yafaa kusafishwa kwa sabuni, kusuuzwa, kisha kutiwa jiki iliyozimuliwa kwa maji kama ilivyoandikwa juu ya chupa, peke yake, na dirisha likiwa wazi. Chupa ibaki na karatasi yake, irudishwe juu ya kabati na kufungiwa.

Ama vioo vya madirisha, maji yenye siki kidogo yatosha, na cha kuvikaushia ni gazeti la juma lililopita, baada ya watu wote wa nyumbani kulisoma.