Picha ya Nyuzi 360 Kwenye Simu ya Bei Nafuu

Tuseme umesimamisha kamera ya nyuzi 360 kwenye kituo cha kununulia pamba Mwandoya, wilayani Meatu mkoani Simiyu, msimu umepamba moto. Mbele kuna mizani, nyuma foleni ya wakulima, kulia lundo la pamba mbegu linalosubiri lori. Kamera inakupa picha bapa ambayo upana wake ni mara mbili ya kimo, na ndani yake kila kitu kimepinda. Kivinjari cha simu huinyoosha kwa kuibandika upande wa ndani wa tufe na kumweka mtazamaji katikati. Hufanya hivyo kwa WebGL, teknolojia ya kuchora ndani ya kivinjari iliyotoka mwaka 2011, bila mtu kupakua programu yoyote.

Watengenezaji wengi wa kurasa huangalia uzito wa faili, wakaona MB 3, wakaridhika. Lakini picha ikifunguliwa kwenye memori ya simu, kila pikseli huchukua baiti 4. Picha ya pikseli 8192 kwa 4096 humeza MB 128 kabla hujaigusa, na simu ndogo huonyesha weusi mtupu au hufunga ukurasa. Ipunguze iwe 4096 kwa 2048, utabaki na MB 32. Simu ikishikwa wima huonyesha upana wa nyuzi 50 hivi, yaani pikseli zipatazo 570 za picha hiyo. Mkulima atamtambua jirani yake aliye karibu na kamera, ila namba za kwenye mizani hazitasomeka.

Na mimi nataka zisomeke, kwa kuwa namba hizo ndizo malipo yake. Dawa ni kuikata picha vipande vidogo, kwa viwango kadhaa vya ukali. Ukurasa unapofunguka huja picha hafifu nzima. Ukivuta karibu mizani, huletwa vipande vya hapo tu, na bando haliishii kwenye upande usiotazamwa. Zana za Pannellum na Marzipano hufanya kazi hiyo bure.

Picha za nyuzi 360 si ngeni nchini. Mwaka 2014 Google iliweka njia za Hifadhi ya Gombe kwenye huduma yake ya Street View, na baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wakashiriki kupiga picha za namna hiyo Zanzibar. Ni kazi nzuri sana. Natamani sasa zamu ifikie vituo vya pamba vya Simiyu, tena kwa ukurasa unaofunguka kwenye simu za wenyeji wenyewe.

Kuna suala la kidole pia. Picha ikijaza kioo chote, msomaji anayetaka kuteremsha ukurasa hunasa humo. Iachie picha mwendo wa kulia na kushoto, juu na chini uuachie ukurasa. Anayependa kutazama kwa kuzungusha simu, kwenye iPhone tangu iOS 13 ya mwaka 2019 lazima kwanza abonyeze kitufe cha kuruhusu, na anwani ianze na https. Kitufe hicho kisipowekwa, atageuka huku na huko na picha haitasogea.