Mailata: Kijana wa namba 233 aliyekabidhiwa mgongo wa timu

Mzazi wa Kiswahili aliyehamia Marekani, mwanawe akiingia timu ya shule ya futiboli ya Kimarekani, mara nyingi huanza na swali moja: "Mwanangu, mbona hawakupi mpira?" Mtoto ni mkubwa wa mwili, makocha walimpenda tangu siku ya kwanza, lakini Ijumaa usiku mama anakaa jukwaani kwenye baridi zaidi ya saa mbili na hamwoni mwanawe akishika mpira hata mara moja. Anamwona anainama, anasukumana, anaanguka, anainuka. Basi.

Makala haya tunayaandika kwa ajili ya mzazi huyo, na kwa ndugu zetu walioko nyumbani wanaoutazama mchezo huu kwenye televisheni wakaona fujo tupu. Tumechagua kijana mmoja na msimu mmoja. Kijana ni Jordan Mailata wa timu ya Philadelphia Eagles, na msimu ni ule wa 2020, ambao mashabiki wengi wa Philadelphia wangependa kuusahau. Sisi tunaona ndio uliomtengeneza.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Timu inaposhambulia huwa na watu 11 uwanjani, na watano kati yao hupangwa mbele kama ukuta. Kazi zao ni mbili: kumfungulia njia anayekimbia na mpira, na kumkinga kwotabeki, yaani yule anayerusha mpira, asifikiwe na wapinzani. Kwa kawaida kanuni haziwaruhusu hata kudaka pasi ya mbele. Wakifanya kazi vizuri hakuna anayewataja. Wakikosea mara moja, kwotabeki yuko chini na namba zao zinasomwa kwenye vipaza sauti.

Anayesimama mwisho wa ukuta upande wa kushoto ana mzigo wa ziada. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia, akijiandaa kurusha, mgongo wake huelekea upande huo. Adui anayetokea kushoto hamwoni. Kwa hiyo yule wa kushoto ndiye macho ya kisogoni mwake. Ndiyo sababu nafasi hiyo hulipwa fedha nyingi, na ndiyo sababu timu hazipendi kumpa mwanafunzi.

Mailata alikuwa mwanafunzi kweli kweli. Alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1997, mtoto wa wazazi waliotoka Samoa. Mchezo wake ulikuwa raga ya watu 13, na mwaka 2017 alikuwa katika kikosi cha vijana cha klabu ya South Sydney Rabbitohs. Tatizo lake lilikuwa ukubwa. Raga ya aina ile inataka mtu akimbie karibu muda wote, na kijana wa zaidi ya mita mbili na kilo 150 alionekana mzito mno. Kile kilichokuwa kasoro Sydney kikageuka kuwa bidhaa adimu Marekani. Mwanzoni mwa 2018 akapelekwa Florida, katika mpango wa NFL wa kuwatafuta wachezaji wa nchi za nje, akafundishwa mchezo ambao hakuwahi kuucheza hata mechi moja.

Hapo tunaomba msomaji wetu anayeijua raga atusikilize vizuri. Katika raga, kumzuia mtu asiye na mpira ni kosa. Katika futiboli ya Kimarekani, kumzuia mtu asiye na mpira ndiyo kazi nzima ya wale watano. Katika raga unafundishwa kwenda mbele na kugonga kwa bega. Mlinzi wa kushoto, wakati wa pasi, anatakiwa aende kinyumenyume, magoti yamekunjwa, kiuno kimeshuka, mikono mbele ya kifua, akimsubiri adui aje. Akimkumbatia adui mahali pasipotakiwa, timu inarudishwa yadi 10. Akitikisika kabla mpira haujaanza, yadi 5. Kwa ufupi, kila kitu ambacho mwili wa kijana huyu ulikuwa umekariri tangu utotoni kilikuwa kinyume. Hakuanzia sifuri, alianzia chini ya sifuri.

Aprili 2018 Eagles, waliokuwa mabingwa wa Super Bowl ya Februari mwaka huo, walimchagua katika raundi ya saba na ya mwisho. Alikuwa wa 233 kati ya wachezaji 256. Mwaka uliofuata, 2019, timu hiyohiyo ilitumia nafasi yake ya raundi ya kwanza, namba 22, kumchukua Andre Dillard wa Chuo Kikuu cha Washington State, ambaye kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kulinda upande wa kushoto. Ujumbe ulieleweka. Mrithi amepatikana, na wala si yule wa Sydney.

Mailata akamaliza msimu wa 2018 bila kucheza mechi hata moja ya ligi. Msimu wa 2019 nao ukaisha vivyo hivyo. Mara zote mbili mgongo ulimsumbua akawekwa kwenye orodha ya majeruhi. Miaka miwili ya mshahara, mazoezi na madaftari, bila mechi. Sisi tulioondoka kwetu na vyeti mkononi tukaanza ughaibuni kwa kazi tusizozisomea tunaijua miaka ya namna hiyo. Hakuna anayekuandika popote. Wenye mji wanapita, nawe unajifunza majina ya vitu upya.

Aliyemfundisha majina hayo ni Jeff Stoutland, kocha wa mstari wa mbele aliyejiunga na Eagles mwaka 2013. Wachezaji wa NFL wanapojitambulisha kwenye televisheni hutaja vyuo vikuu walikosomea. Mailata, ambaye hakupita chuo chochote, alijitambulisha kuwa ametoka "Chuo Kikuu cha Jeff Stoutland". Watu walicheka, lakini alichosema ni kweli. Wenzake walifika kwenye ligi na miaka minne ya shule na minne ya chuo ya kufanya hatua ileile ya kinyumenyume. Yeye alikuwa na mwalimu mmoja na uwanja wa mazoezi.

Ukaja mwaka 2020, mwaka wa Covid. Mechi zote za majaribio zilifutwa, yaani hata ile nafasi ya kukosea pasipo hasara aliikosa. Agosti Dillard akaumia msuli wa mkono, msimu wake ukaisha kabla haujaanza. Eagles wakamgeukia Jason Peters, gwiji wa miaka 38. Mapema Oktoba naye akawekwa nje kwa maumivu ya kidole cha mguu. Ndipo wakamtazama yule wa 233.

Tarehe 4 Oktoba 2020, ugenini Santa Clara dhidi ya San Francisco 49ers, usiku, uwanja mtupu bila mashabiki, Mailata alianza mechi ya ligi kwa mara ya kwanza maishani, akiwa na miaka 23. Eagles walikuwa hawajashinda mechi hata moja msimu huo. Usiku ule walishinda 25 kwa 20.

Laiti hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu, lakini msimu una wiki nyingi. Wiki iliyofuata Pittsburgh Steelers waliwafunga 38 kwa 29. Baada ya hapo Baltimore Ravens, 30 kwa 28. Kisha wakaponea chupuchupu dhidi ya New York Giants, 22 kwa 21. Timu zile za Pittsburgh na Baltimore zina sifa ya ulinzi mkali, na wakali wao walimtafuta mgeni. Alipitwa, aliadhibiwa, aliinuka. Mwanzoni mwa Novemba Peters alipopona, mzee akarudishiwa nafasi yake, na kijana akawa wa kuziba mapengo.

Hapa ndipo kipimo cha kweli kilipo. Kumchezesha kijana kwa sababu huna mwingine ni jambo la dharura. Kumchezesha wakati mwingine yupo ni uamuzi. Uamuzi huo ulifanywa mwishoni mwa Novemba, timu ilipojiandaa kucheza na Seattle Seahawks. Peters alihamishwa akacheze ndani zaidi ya mstari, upande wa kulia, na kushoto akawekwa Mailata. Gwiji alimpisha mwanafunzi. Peters mwenyewe aliingia NFL mwaka 2004 bila kuchaguliwa na timu yoyote, tena akitokea nafasi nyingine uwanjani, akageuzwa kuwa mlinzi. Kama kulikuwa na mtu wa kuelewa safari ya Mailata, ni yeye.

Tusiwadanganye wasomaji kwamba mambo yalinyooka. Eagles walimaliza msimu na ushindi mara 4, kushindwa mara 11 na sare 1. Makwotabeki wao waliangushwa na mpira mkononi mara 65, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi. Carson Wentz peke yake aliangushwa mara 50 katika mechi 12, kisha akapoteza nafasi yake kwa Jalen Hurts. Ukuta ulibadilika karibu kila wiki kwa sababu ya majeraha. Anayetaka kumhukumu Mailata kwa takwimu hizo atapata pa kuanzia, ingawa si kila anguko lilikuwa lake, na Wentz mwenyewe mara kwa mara alichelewa kuuachia mpira.

Lakini itazameni mechi ya tarehe 13 Desemba, Hurts alipoanza kwa mara ya kwanza. Wapinzani walikuwa New Orleans Saints waliokuwa wameshinda mechi 9 mfululizo. Hurts hakuangushwa hata mara moja. Yeye na Miles Sanders kila mmoja alikimbia zaidi ya yadi 100, na Eagles wakashinda 24 kwa 21. Ni kweli kwamba miguu ya Hurts ni myepesi na ilisaidia. Hata hivyo mtu wa kushoto siku ile hakuwa yule wa Oktoba. Miezi miwili ilikuwa imempa kitu ambacho miaka miwili ya mazoezi haikuweza kumpa: kukosea mbele ya watu, kisha kurudi kwenye mstari sekunde chache baadaye.

Kwa jumla alianza mechi 10 msimu huo. Januari 2021 kocha mkuu Doug Pederson alifukuzwa, lakini Stoutland alibaki. Kiangazi hicho Dillard alikuwa amepona, na vijana hao wawili walishindanishwa waziwazi. Mailata akashinda. Tarehe 11 Septemba 2021 alisaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 64. Wazee wetu walisema kutangulia si kufika. Tusimcheke Dillard, maana msuli ukikatika haujali umechaguliwa wa ngapi. Tunachosema ni kwamba namba uliyopewa siku ya kwanza inaonyesha watu walikudhania nini siku hiyo, haisemi utakuwa nani. Februari 2025, Eagles walipowachapa Kansas City Chiefs 40 kwa 22 kwenye Super Bowl, aliyesimama kushoto akimlinda Hurts alikuwa Mailata.

Haki inatudai tuseme pia kwamba si kila mgeni anafika. Mkenya Daniel Adongo, mwana wa raga, alisainiwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 akiwa hajawahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Desemba mwaka huohuo aliingia uwanjani, na Wakenya wengi walijivunia. Safari yake na Colts ilimalizika mwaka 2015. Alikuwa na mwili na alikuwa na kasi. Vipaji peke yake havitoshi. Panahitajika mwalimu, afya, na pengo linalotokea wakati umeshakuwa tayari. Mengine hayamo mikononi mwa kijana.

Basi turudi kwa mzazi wetu. Ukisikia mwanao amewekwa kwenye mstari wa mbele, usidhani amedharauliwa. Muulize kocha mambo mawili. La kwanza, nani anamfundisha miguu na mikono, au anatumiwa tu kwa sababu ya unene wake? Mtoto asiyefundishwa namna ya kutumia mikono atatumia kichwa, na kichwa hakina kipuri. La pili, akigongwa kichwani, nani ana mamlaka ya kumtoa uwanjani, na atarudi lini? Ukijibiwa kwa mzaha, mtoe. Mwanao ni wako kabla hajawa wa shule.

Ukiridhika na majibu, kaa jukwaani, lakini usiufuate mpira. Mtazame mwanao peke yake. Kama yule mtoto mwembamba aliye nyuma yake amepata nafasi ya kusimama, kutazama na kurusha, ujue kuna mtu amefanya kazi yake. Mwanao akirudi nyumbani, usimuulize kwa nini hawakumpa mpira. Muulize amemlinda nani leo.