Maneno ya Katanga katika Lugha za Ulaya

Kiswahili cha Lubumbashi aghalabu hutajwa kuwa lugha ya kukopa. Hudaiwa kwamba kimejaa Kifaransa, na neno lopitalo hutolewa kuwa ushahidi. Dai hilo lina ukweli, lakini latazama upande mmoja tu, kwani lugha za Katanga nazo zimekopesha.

Mgeni aingiapo katika mazingira mapya hulazimika kuazima majina ya wenyeji. Waingereza waliohamia Virginia mwaka 1607 waliwakuta wanyama wasiokuwako kwao. Majina raccoon na opossum waliyachukua kwa Wapowhatan, waliosema lugha mojawapo ya Kialgonkini. Katanga nayo imewapa wataalamu wa mimea istilahi zao. Maandishi ya Kifaransa kuhusu mimea ya huko hutumia miombo kwa msitu wa miti iliyoachana, muhulu kwa msitu mnene usiopukutisha majani yote, na dembo kwa bonde la nyasi lituamalo maji wakati wa mvua.

Ukopaji huu una kanuni zake. Miombo ni wingi wa jina la mti wa jamii ya Brachystegia katika Kibemba na lugha jirani. Kifaransa hulitumia kama umoja, na kiambishi mi- kimegeuka kuwa sehemu ya mzizi. Lopitalo nalo limemeza kibainishi cha Kifaransa, yaani ile l ya mwanzo. Basi pande zote mbili zimetenda jambo lile lile: mkopaji hulichukua neno zima bila kulichambua. Si haki upande mmoja uitwe utaalamu na wa pili uharibifu.

Ushahidi mwingine umo katika elimu ya madini. Kasolite, iliyoelezwa mwaka 1921, yatokana na Kasolo, huko Shinkolobwe. Kolwezite ya mwaka 1980 yatokana na Kolwezi. La kuzingatiwa zaidi ni likasite. Madini haya yalipewa jina la mgodi wa Likasi mwaka 1955, wakati mji wenyewe ukiitwa Jadotville. Mji ulirudishiwa jina lake mwaka 1966. Sayansi ilikuwa imekwisha kulihifadhi.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa isimu anayeorodhesha maneno ya kigeni katika Kiswahili cha Lubumbashi hana budi kufungua daftari la pili, la maneno yaliyotoka.