Lori kuukuu: angalia breki na matairi kabla ya kupakia mzigo wako

Mkulima wa Ngenge mwenye magunia ya maharage au mahindi ya kupeleka Muleba au Bukoba mjini mara nyingi hana nafasi ya kuchagua lori. Hupakia lile lililokuja, na lililokuja mara nyingi ni la siku nyingi. Ndiyo maana swali hili linarudi kila tunapozungumzia ajali: je, lori kuukuu ni hatari kwa sababu tu ni kuukuu?

Jibu fupi: miaka peke yake haisababishi ajali. Lori la miaka 20 linalotunzwa vizuri linaweza kuwa salama kuliko la miaka 8 lililopuuzwa. Ila kadiri lori linavyozeeka, vitu vya kukagua na kubadilisha huongezeka, na fedha za kufanya hivyo ndizo zinazokosekana.

Namba mpya haina maana gari ni jipya

Wengi hutazama namba ya usajili. Wakiona herufi zinaanzia na E, husema gari ni jipya. Namba hiyo inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania, haionyeshi lilitengenezwa lini. Malori mengi huingia nchini yakiwa yameshafanya kazi kwa miaka mingi Japani au Ulaya. Mwaka wa kutengenezwa utauona kwenye kadi ya gari.

Nchi za Afrika Mashariki zinalishughulikia jambo hili kwa njia tofauti. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia magari yaliyofikisha miaka 15. Tanzania hutumia kodi: gari la zamani linapoingizwa hutozwa ushuru wa ziada. Kanuni hizi zote hutazama gari linapoingia nchini. Likishaingia, linabaki mikononi mwa mwenye gari, fundi, dereva na askari wa usalama barabarani.

Kwa nini yanaishia kwetu

Lori likiwa na nguvu hufanya safari ndefu, kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi mpaka wa Rusumo au Mutukula. Njiani linapita kwenye mizani ya TANROADS na mbele ya askari wengi. Likianza kuchoka, huuzwa kwa mtu wa safari fupi. Huyo naye akilichoka, linakuja kubeba mazao, ng'ombe, mchanga na kuni kwenye barabara za vijijini, ambazo ziko chini ya TARURA. Huku hakuna mizani, na askari ni wachache. Kwa hiyo lori linatumia miaka yake ya mwisho mahali ambapo ukaguzi ni mdogo, kwenye vumbi, mashimo na miteremko.

Breki hushindwaje

Malori makubwa hutumia breki za upepo. Injini husukuma upepo kwenye mitungi, na dereva akikanyaga breki upepo huo ndio unaobana magurudumu. Mipira ya upepo ikichanika au viungio vikilegea, upepo huvuja na nguvu ya kubana hupungua.

Tatizo la pili ni joto. Kwenye mteremko mrefu, dereva akikanyaga breki mfululizo, breki hupata moto mpaka zinaacha kushika. Ndiyo maana dereva mzoefu huingiza gia nzito kabla hajaanza kuteremka, ili injini ilizuie gari. Anayeweka fri ili abane mafuta anaziachia breki kazi yote. Kama breki zenyewe zimeisha, hakuna kitakacholisimamisha lori hilo.

Tuliona matokeo yake Ngaramtoni, mkoani Arusha, tarehe 24 Februari 2024. Lori liligonga magari mengine, na watu 25 wakapoteza maisha. Polisi walieleza kuwa lori hilo lilifeli breki.

Mzigo nao unazeesha gari

Lori lililoundwa kubeba tani 7 likipakiwa 14, breki, springi, matairi na chesisi hubeba adha mara mbili. Mwendo ni mbaya zaidi: ukiuongeza mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara nne. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Machi 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo, na ukomo mwingine kwa kila ekseli. Wengi hudhani sheria hii inalinda lami tu. Inalinda na wanaotumia barabara.

Mambo matano ya kuangalia

Huhitaji kuwa fundi. Kabla ya kukubaliana bei, lizunguke lori mara moja.

1. Matairi. Yenye vipara au nyufa pembeni ni hatari. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri lakini mpira wake umeshazeeka.
2. Sauti ya upepo. Injini ikizimwa, ukisikia mlio wa upepo unaotoka bila kukoma, kuna mahali panapovuja.
3. Taa na viakisi mwanga vya nyuma. Lori lisilo na taa likiharibika usiku njiani, bodaboda hulivamia bila kuliona.
4. Namna linavyosimama. Likiegemea upande mmoja kabla ya kupakiwa, springi au chesisi ina matatizo.
5. Dereva. Muulize amelala saa ngapi. Amechoka? Basi hata lori jipya si salama.

Na juu ya magunia je?

Hapa ndipo tunapopoteza watu. Siku ya gulio au mnada, mama na watoto hupanda juu ya mzigo kwa sababu hakuna basi. Lori likipinduka, aliyeko juu hana mkanda wala kiti, na magunia humfuata. Sheria hairuhusu lori la mizigo kubeba abiria namna hiyo, na kudai fidia ya bima huwa kugumu.

Tunajua kuwa lori likikataliwa, mazao yanaweza kukaa siku mbili zaidi. Ila wafanyabiashara na vyama vya msingi wanaokodi lori kwa pamoja wana nguvu ambayo mkulima mmoja hana. Wakikubaliana kutolipakia lori lenye vipara, mwenye lori atanunua matairi. Na ukiliona lori bovu likiwa limejaza watu, mjulishe mwenyekiti wa kijiji, au piga polisi 112 kabla halijafika mteremkoni.