Kwa nini maji matupu hula injini ya lori

MADEREVA wa malori yanayotoka bandari ya Mombasa kuelekea Nairobi hufika Maungu, karibu na Voi, baada ya kupanda mwinuko mrefu na kuvuka nyika kavu ya Taru. Wengi husimama hapo kupumzika, na kiwango cha maji katika rejeta kikiwa kimeshuka, dawa ya karibu huwa mtungi wa maji. Dawa hiyo hupoza injini siku hiyo, lakini ikizoeleka hufupisha maisha yake.

Mfumo wa kupoza injini una metali kadhaa: bloku aghalabu ni ya chuma, nayo rejeta ni ya shaba au alumini. Metali mbili tofauti zilizounganishwa zikizama katika maji yale yale, hufanya kazi kama betri. Mkondo mdogo wa umeme hupita, na metali moja huliwa. Chuma kikiwa pamoja na shaba, kinacholiwa ni chuma. Chumvi na joto huharakisha uharibifu huo, na visima vingi vya nyanda za chini za Taita Taveta vina maji ya chumvi.

Kulanti hutengenezwa ikiwa na kemikali za kuzuia kutu. Nitriti husaidia kujenga utando mwembamba juu ya chuma; silikati hulinda alumini; tolitriazoli huzuia shaba isiyeyuke na chembe zake kutua juu ya chuma, ambako zingeanzisha kutu mpya.

Hata hivyo, kinga pungufu yaweza kudhuru. Nitriti ikizimuliwa kupita kiasi, utando huachia mapengo madogo, na kutu hujikusanya hapo hadi kutoboa chuma. Hivyo ndivyo maji matupu yanayoongezwa kila safari yanavyoivunja kinga kidogo kidogo.

Dereva aliyelazimika kuongeza maji njiani anapaswa kupima kulanti mapema kwa karatasi maalumu, au kuibadilisha. Kulanti isiyochanganywa tayari huzimuliwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kipimo cha mtengenezaji, na aina tofauti zisichanganywe ovyo.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto. Aidha, kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu. Isimwagwe kando ya barabara wanakopita watoto na mbuzi.